Punda wa Marietha Hafungwi Jiwe

Marietha alishusha debe la kwanza, akalimimina mtungini, akarudi kushusha la pili. Lilipotoka tu mgongoni, kwato za punda ziliachana na ardhi. Punda alipanda taratibu mpaka usawa wa dirisha, akatulia hapo huku akitafuna. Marietha aliizungusha kamba kwenye kinu, akafunga fundo, akamwambia jirani yake Raheli kwamba maji ya kisima kile siku hizi yananuka.

Raheli alikubali kuwa yananuka. Punda wake yeye alianza kuinuka tangu kabla ya mavuno, naye alimfunga kwenye jiwe la kusagia.

Sababu haikuwa siri. Ni minyoo. Ilikuwa inawala punda wa kijiji kwa ndani, nyama ikaisha, damu ikaisha, mwishowe uzito nao ukaisha. Punda mwenye mzigo alitembea chini kama punda. Ukimtua, anakwenda zake juu. Punda wa Marko alikata kamba siku ya upepo mkali, akaelekea upande wa Sekenke, na Marko alinung'unika wiki nzima, maana kamba yenyewe ilikuwa mpya.

Haya, na minyoo ilitoka wapi? Hapo ndipo watu walipokuwa wakitazama pembeni. Kabla ya watu kuhamishiwa kijijini kwa amri, kila nyumba ilikuwa na zizi lake. Mwanamke aliamka, akazoa mavi, akayaanika juani, kisha akayapeleka shambani nyuma ya nyumba, ndiyo maana uwele uliota kwenye ule mchanga. Kijijini likaja zizi la wote na samadi ya wote, ikarundikwa katikati ya malisho mpaka ikawa kilima. Mkubwa mmoja alipita na gari, akalisifu lile lundo, akaahidi kurudi na wageni walione. Kuanzia hapo Mwenyekiti Alute alipiga marufuku mtu yeyote kuchota hata karai moja. Lundo likae, wageni waje walikute. Punda wakala majani ya kandokando yake, wakanya hapo hapo, wakala tena.

Dawa ilikuwepo, tusiseme haikuwepo. Bwana mifugo, kijana aliyeitwa Urbano, aliwanywesha punda kila mwezi kwa chupa, dawa nyeupe nzito kama uji. Ila iliyoletwa haikutosha, naye aliamriwa agawe nusu nusu ili kila punda aonekane amepata. Minyoo ikaonja nusu, ikaonja tena, ikaizoea. Siku moja Urbano aliiweka michache kwenye bakuli lenye dawa tupu. Iliogelea. Mingine ilinenepa palepale akiitazama. Alipanda lori mpaka mjini kueleza, akajibiwa kwamba dawa ile haijawahi kushindwa na mnyoo, na kwamba anayesema imeshindwa ajiulize anamsaidia nani. Akarudi, akaendelea kunywesha.

Marietha alimsubiri nje ya zizi.

"Shikamoo mama," alisema Urbano.

"Marahaba. Niambie ukweli, mwanangu. Punda wangu atabaki?"

Urbano alitazama huku na huku. "Hapa habaki. Dawa hii imeshakuwa chakula cha minyoo. Anataka majani ambayo hayajanyewa na punda mwaka mzima. Na mavi yake uyazoe kila asubuhi, kabla minyoo haijapanda kwenye majani."

Majani ya namna hiyo yalikuwa sehemu moja tu, na wote wawili waliijua. Kwenye mahame. Kule walikotolewa, upande wa Mkiwa, ambako nyumba ziliezuliwa ili mtu asirudi, na kurudi kulikuwa kosa.

Marietha alikuwa mjane, na kisima kilikuwa mwendo wa asubuhi nzima. Bila punda angebeba maji kichwani, na shingo yake ilishaharibika tangu mimba ya mwisho. Punda angekwenda hewani, na nyumba yake ingekwisha. Hilo halikuhitaji mkutano.

Lakini mkutano uliitishwa. Mwenyekiti Alute alisema wageni wanakaribia, hivyo kila punda afungwe jiwe chini ya tumbo, lifunikwe na gunia, ili wanyama wasimame vizuri. Watu waliuliza jiwe la ukubwa gani. Marietha akasimama.

"Shikamoo mwenyekiti. Mimi wangu simfungi jiwe. Punda ananing'inia kama nguo mbichi, halafu nimwongezee jiwe? Nampeleka kwetu akale."

Alute alisema kwetu ni hapa. Marietha alisema hapa ni pa lundo. Wanawake wakacheka chinichini, na Alute akafunga mkutano.

Kulipokucha Marietha alijaza udongo mifuko yote miwili ya shogi mgongoni mwa punda, punda akashuka, wakaondoka. Njiani udongo ulivuja kwenye tundu, na walipofika kwenye kizuizi punda alikuwa anatembea hewani usawa wa bega la Marietha. Mgambo alimwambia ni marufuku mnyama kupita barabarani bila kukanyaga barabara. Marietha akamjibu amwambie punda mwenyewe. Mgambo alimtazama punda, kisha akainua mti wa kizuizi.

Kuta za nyumba yake ya zamani ya tembe zilikuwa bado zimesimama, bila paa. Majani yalifika kiunoni. Punda alikula akiwa juu, kichwa chini, kwa sababu hakuweza kushuka. Marietha alizoa, akaanika, akatupa mbali. Punda alishuka kidogo kidogo, kama maji yanavyoshuka kisimani wakati wa kiangazi, mpaka siku moja kwato zote zikakanyaga na kuacha alama. Marietha alizipapasa zile alama kwa kiganja, akalia, kisha akaenda kutafuta kuni.

Habari zilifika. Alute alikuja na mgambo, akamzunguka punda, akampiga kofi la mgongoni. Alifurahi kweli kweli. Wakamchukua punda, Marietha akafuata nyuma.

Siku ya wageni punda wa Marietha alisimamishwa mbele, amenona, na nyuma yake wengine wote wana magunia tumboni. Mgeni mkuu aliuliza huyu amefanywa nini. Marietha akamweleza: ametolewa hapa. Akaonyesha na lundo kwa kidole. Mgeni alitikisa kichwa kwa upole, akawageukia wenzake akasema hiyo ndiyo nguvu ya dawa. Watu walipiga makofi. Urbano alipiga pia, akiwa ameinama. Lundo likapewa cheti, ikaagizwa dawa mara mbili ya ile, na lundo likae vile vile kama mfano kwa vijiji vingine.

Punda wa Marietha akarudishwa zizini pamoja na wengine, kwa amri. Mvua zilipoanza, kati ya kwato zake na ardhi ulikuwa unapita mkono.

Safari hii Marietha hakungoja mkutano wala alfajiri. Alikwenda saa nne asubuhi, watu wote wakiona, akamfungua. Akaung'oa mlango wa nyumba yake ya kijijini, akamfunga nao mgongoni. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, punda akashuka nao mpaka chini. Akapita mbele ya ofisi. Alute alitoka akamwambia atafuatwa. Marietha alisema njia mwenyekiti mwenyewe anaijua.

Alifuatwa. Mgambo waliukuta mlango umeshasimamishwa kwenye kuta zisizo na paa, wakaung'oa, wakaubeba kurudi kijijini. Punda hawakumpata, alikuwa malishoni mbali.

Kijijini waliendelea kunywesha dawa. Punda wa Raheli aliondoka na jiwe lake la kusagia.

Marietha alilala bila mlango na mvua ikamnyeshea. Asubuhi alikung'uta khanga, akachukua ungo, akaenda kuzoa mavi ya punda wake yakiwa bado ya moto.