Marehemu Alikuja Jumatatu

Karani Salum aliitazama kadi ya pensheni, akafungua jalada, akajichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu, kisha akasema bila kuinua uso: "Mumeo hajafa, mama. Alikuja Jumatatu, akapokea chake, akaondoka."

Magdalena alidhani anataniwa. Lakini utani wa msiba una watu wake, na huyu karani hakuwa mtani wake wala hakuwa na haya ya kuwa mtani wa mtu yeyote. Anselmi Kobelo, mume wake wa ndoa ya kanisani, alikuwa amezikwa tangu masika, mlimani kwao, juu kabisa ya Bigwa, katika mvua iliyowafanya wachimba kaburi wachote maji kwa ndoo. Magdalena mwenyewe alimfunga kidevu kwa kitambaa. Sasa kijana huyu anamwambia marehemu alikuja Jumatatu.

"Alikuja na nani?" aliuliza.

"Na miguu yake," Salum alijibu, akacheka peke yake, akafuta kile kifuniko kwenye suruali.

Magdalena alitoka nje akaegemea ukuta. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameshamjua huyo marehemu mwenye miguu.

Kwa Waluguru, mtu akifa jina lake halitupwi. Baada ya kuondoa tanga, lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, hukaa na kumchagua mpwa wa marehemu, humkalisha mkekani, humpaka unga, humvika koti la marehemu, na kuanzia hapo huitwa kwa jina lile. Watu wazima humwamkia kama walivyomwamkia mwenyewe. Ni jambo jema, na Magdalena hakuwahi kulionea ubaya. Linapunguza makali ya msiba. Siku ya kulirithisha jina la mumewe alimnawisha mikono Leonard, mpwa aliyechaguliwa, mtoto wa dada yake Anselmi, akamwambia kama walivyosema wote: "Karibu, Anselmi." Alisema kwa moyo mweupe. Hakujua kwamba yule bwana, unga haujamkauka usoni, alikuwa anaifikiria kadi ya pensheni iliyokuwa mfukoni mwa koti.

Kadi aliyokuwa nayo Magdalena ilikuwa ile ya zamani, iliyotiwa kutu na pini. Kadi mpya ilikuwa kwa Leonard.

Shamba halikumuuma. Shamba la mboga walilolilima pamoja lilikuwa la lukolo wa mume, na baada ya kifo lilirudi kwa wenyewe. Hilo alilijua tangu siku anaolewa. Lakini pensheni ilitokana na maisha ya Anselmi kiwandani, kwenye mashine za kufuma, miaka yote ambayo Magdalena aliamka kumpikia uji na kumfulia mashati yenye vumbi la pamba. Hiyo ilikuwa jasho la nyumba yao wawili. Bila fungu la mjane angebaki anakula kwa macho ya mkwewe, kwenye chumba cha kupanga cha binti yake pale Bigwa, akikohoa taratibu asije akasikika.

Binti ndiye aliyemwambia habari za wanasheria wa bure. Magdalena alikunja uso. Miaka ile neno bure lilikuwa limeshapotea mjini. Viwanda vilikuwa vimeuzwa, hospitali zinakutaka uchangie, hata maji ya bomba yalikuwa na mwenyewe. Hata hivyo Alhamisi alikwenda, akakuta chumba nyuma ya ukumbi wa parokia na benchi limejaa wanaume waliopunguzwa kazini, kila mmoja amekumbatia bahasha yake kama mgonjwa anayeshika tumbo.

Mwanasheria alikuwa msichana, Joyce, mwembamba, viatu vimeliwa kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unachukua kiasi gani?"

"Sichukui kitu. Kaa."

Alisikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, na Magdalena alipofika penye maneno ya Salum, Joyce aliweka kalamu chini akasema, "Washenzi hawa." Hapo ndipo Magdalena alipomwamini.

Walianza na cheti cha mazishi kutoka kanisani. Salum alikisukuma kwa ncha ya rula kana kwamba kimeokotwa jalalani. Akina Anselmi Kobelo wako wangapi milimani? Huyu aliyezikwa ni yupi? Mke na watoto nao ni wadai, hawawezi kujishuhudia wenyewe. Aletwe mtu wa upande wa mume, aseme mbele ya mkuu wa ofisi kwamba Anselmi wa kiwandani amekufa. Alipokuwa akisema hayo alikuwa akimenya chungwa, na Magdalena akajiuliza chungwa lile limenunuliwa kwa pensheni ya nani.

Basi wakapanda mlima kwa Mzee Bartholomeo, mjomba wa Anselmi na mkubwa wa lukolo. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa ndizi za kuchemsha, akamsikiliza Joyce kwa adabu zote.

"Unataka niseme Anselmi hayupo," alisema.

"Useme ukweli tu, babu. Ulikuwepo kaburini."

"Nilikuwepo. Na mkekani pia nilikuwepo. Jina nililiweka mimi kwa mkono wangu. Leo nishuke mjini nimwambie mtu wa serikali kwamba tulikuwa tunacheza?" Alimgeukia Magdalena, na sauti yake ikalegea. "Mwanangu, mimi mwenyewe nimebakiza kidogo. Nikilikana jina la mtu leo, nani atakubali kulichukua la kwangu?"

"Lakini anakula haki yangu, mjomba."

"Mwambie akugawie. Si mumeo?"

Alisema hivyo bila kebehi hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma Magdalena kuliko kebehi. Aliteremka mlima. Alichukizwa na mzee, akachukizwa na ndizi zake alizozila, akachukizwa na mkono wake mwenyewe uliomwagia maji mikono ya mwizi.

Joyce hakukata tamaa. Aliandika barua, akafuatilia, akakaa kwenye mabenchi ya ofisi ile mpaka walinzi wakamzoea, na mwisho mkuu wa ofisi, mwanamke mtu mzima wa Dodoma aliyehamia karibuni, akaziita pande zote mbili.

Leonard alikuja amevaa lile koti. Kiunoni lilimbana, na alikuwa amejipaka mafuta mpaka shingo inang'aa. Nyuma yake alitembea mke wake, Esther, mtoto mgongoni, kikapu cha chakula cha bwana mkononi. Alikuwa ameletwa kutoa ushahidi kwamba mtu huyu anaitwa Anselmi na ukoo mzima unamwita hivyo, na kwa kweli hilo halikuwa uongo.

"Hujambo, mke wangu?" Leonard alimwamkia Magdalena, mbele za watu, huku anatabasamu.

Leonard huyu, alipokuwa mtoto, Magdalena aliwahi kumpangusa makamasi. Alimtazama akahisi uchafu, uchafu hasa, kama mtu aliyekanyaga kitu gizani.

Mkuu wa ofisi aliuliza maswali yake. Leonard alijibu kwa macho makavu: ndiyo, ni Anselmi Kobelo, ndiyo, alifanya kazi kiwandani, umri haulingani kwa kuwa wazee wa zamani hawakuandika vizuri. Salum, pembeni, alitikisa kichwa kukubali, mwepesi kama mjusi. Joyce akaomba aulize moja tu.

"Bwana Anselmi, wewe ni Mkatoliki?"

"Kabisa."

"Una mke mmoja wa ndoa?"

"Mmoja. Mimi si mhuni."

"Wako wawili humu ndani. Tuonyeshe mkeo."

Leonard alicheka kidogo, akakuta hakuna anayecheka naye. Alimtazama Salum, Salum aliinamia jalada. Alimtazama Esther, na Esther akamtazama, si kwa ugomvi, kwa kungoja tu. Akimwonyesha Esther, yeye ni Leonard na pensheni imekwisha. Magdalena aliona kabisa hesabu ikipita usoni kwa mwanamume yule, ikipita polepole, na kwa dakika ile alisahau shida yake akamwomba Mungu kimoyomoyo: asimkane mkewe, hata yeye asifike huko.

Leonard alinyoosha kidole kwa Magdalena.

"Huyu hapa," alisema. "Tulifunga ndoa zamani."

"Na huyu mwenye mtoto?" aliuliza mkuu wa ofisi.

"Huyo... ni mtu wa nyumbani tu. Ananisaidia."

Esther hakulia. Alikiweka kikapu sakafuni, akamvuta mtoto juu mgongoni, akakaza mbeleko. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya kawaida, ya mwanamke anayetaja bei ya mchicha sokoni.

"Mimi ni mke wa mpwa wa Anselmi. Ni mtu wa upande wa mume. Andikeni. Anselmi Kobelo wa kiwandani amekufa. Nilipika ugali wa msiba, nikapiga magoti kaburini kwake nimechafuka tope. Mama huyu ni mjane wake, hana mume mwingine duniani."

Leonard alinyanyuka. "We mwanamke!"

"Kaa chini," alisema mkuu wa ofisi, na alipogeuka kumtazama Salum, Salum alikuwa ameshaanza kutokwa jasho. Kisha mkuu akachukua kalamu mwenyewe. "Jina lako, mama?"

"Esther."

"Mke wa nani?"

"Wa Leonard."

"Leonard mwenyewe yuko wapi? Naye itabidi tumsikie."

Esther alimtazama mtu aliyekaa ndani ya koti la marehemu, akamtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka ile shingo inayong'aa.

"Naye amekufa," alisema. "Kama kuna karatasi ya wajane, niandikeni na mimi."