Sentimita Kumi za Kilwa

Mzee Matar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Chamazi, alitaka chumba chake cha kuswalia kifunikwe kwa kuba la mawe na chokaa. Fundi Valerian aliitamani kazi hiyo kuliko yoyote aliyowahi kuomba. Miaka ishirini alikuwa amejenga nyumba za vyumba vitatu, zote zikifanana kama mayai ya kuku mmoja.

"Makuba nimeyaona kwenye simu," alisema.

"Kwenye simu hata mie naona theluji. Nenda Kilwa Kisiwani, kwenye ule msikiti mkuu wa kale. Niletee mchoro wa mkono na vipimo. Vikiwa sahihi, kazi yako. Visipokuwa, natafuta mwingine."

Valerian alipanda basi la Kilwa pale Mbagala pamoja na mkewe, Yustina. Mchoro wa jengo unahitaji mtu ndani yake, ili macho yapate cha kulinganisha. Tepu yake ya kupimia ilikuwa imekatika ncha, kama tepu za mafundi wengi. Kila alipopima alianzia alama ya kumi, kisha akatoa kumi kwenye jibu. Hakuwahi kusahau.

Kesho yake walichukua kibali, wakavuka kwa boti. Valerian aliingia chini ya kuba la kwanza akainua uso. Picha hazikumwambia kwamba jua la saa sita lingebaki nje, wala kwamba duara lile lingekalia pembe nne za mraba bila nguzo hata moja katikati. Alifuata jiwe moja baada ya jingine kwa macho, akarudia, akazunguka.

"Baba Herieth, shingo itavunjika," Yustina alisema. "Pima tukale."

Alipima nguzo, matao na kuta, huku akitazama juu. Mwisho akampima mkewe kando ya nguzo, akaandika.

Jumamosi walifika dukani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Lete."

Mzee Matar alivaa miwani, akaupitia mchoro. Kidole chake kikasimama kwenye kimtu kilichochorwa kando ya nguzo.

"Huyu ni mkeo? Mita moja na sitini na mbili?"

"Mie?" Yustina akacheka. "Nimebeba mimba nne, na mara zote nne kliniki wameandika mia na hamsini na mbili. Labda nimerefuka Kilwa."

Valerian aliitoa tepu mfukoni, akaitazama ncha yake. Angeweza kusema mkewe alivaa viatu virefu.

"Sikutoa kumi," alisema. "Kwenye kipimo chochote. Nilikuwa naangalia juu."

"Vyote?"

"Vyote, mzee. Punguza kumi kila mahali."

Mzee Matar alichukua kalamu, akapunguza unene wa ukuta, upana wa tao, nafasi kati ya nguzo. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjika, yenye vipimo vya msikiti ule alivyochukua mwenyewe zamani. Akalinganisha mstari kwa mstari. Alipofika chini alikuwa anatabasamu.

"Mara ya kwanza niliyoingia mle, mie nilisahau hata kama nina kalamu mkononi," alisema. Akashusha tepu mpya kutoka rafu. "Hii ina sifuri. Ijaribu."

Yustina akavua kandambili, akasimama wima mlangoni.

"Mia na hamsini na mbili," Valerian akasoma.

"Basi Jumatatu uje na mawe," alisema Mzee Matar.