Ametutoka

Chapuchapu alipohamishwa kutoka ghalani kwenda mauzo, mkuu wa ghala alinuna wiki nzima. Kiwanda kizima cha magodoro kilijua kwamba mwanamke yule ndiye aliyeliendesha ghala, na jina lile la utani hakulipata bure. Basi mfumo mpya wa kompyuta ulipomtaka mkuu ajaze sababu ya mtumishi kuondoka, aliandika neno moja, nusu utani nusu uchungu: Ametutoka.

Mtu angecheka. Mfumo hauna meno ya kuchekea. Ulinunuliwa ili ofisi zote ziwe kitu kimoja: mauzo wakiuza, ghala linapunguza, manunuzi wanaagiza, usafirishaji wanapanga gari, bila mtu kumngoja mwenzake. Neno likiingia chumba kimoja, vyumba vyote vimeshalisikia. Na maana ya neno lile mfumo uliijua vizuri sana.

Kesho yake geti likaikataa kadi ya Chapuchapu. Mlinzi, ambaye hapitwi na mtu bila kumtania, alitazama kompyuta yake, akavua kofia.

"Pita tu, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana."

"Pole ya nini?"

Mlinzi alimfungulia kwa mkono, kisha akajibanza ukutani asiguswe.

Chapuchapu alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi, shoga yake wa siku nyingi.

"Ah, kosa dogo hili, nakurudisha sasa hivi," shoga alisema. Akabonyeza, akabonyeza tena, uso ukamwiva. "Mishahara wameshakufunga. Nikikufungua mimi, wao wanakufunga."

"Waambie wasinifunge!"

"Si wao, shoga. Kompyuta inafunga yenyewe. Inasema manunuzi wameshaagiza."

"Wameagiza nini?"

Shoga aliinamisha kichwa. Akanyoosha kidole dirishani, kwenye uwanja wa kupakilia.

Chapuchapu alilikuta huko, limeegemezwa kwenye gari la kampuni. Kila mtumishi alikuwa na haki ya jeneza, na vipimo mfumo ulivichukua kwenye sare yake, mabega na urefu, bila kukosea. Mkuu wa ghala alisimama kando, machozi yanamtoka.

"Nilikuwa natania, mwanangu."

"Si uiambie hivyo!"

"Nimeiambia. Inaniuliza, mtumishi gani?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Hapo ndipo Chapuchapu alipokumbuka jambo lililomkata maini. Gari likipangwa tu, mfumo humtumia ujumbe ndugu wa karibu, na ndugu wa karibu aliyeandikwa ni mama yake, mgonjwa wa moyo, ambaye daktari alikataza asishtuliwe hata kwa kupiga mlango. Alitoa simu. Laini ya kampuni ilikuwa imekatwa. Akaazima ya dereva, ikaita kwa mama, ikaita, haikupokelewa.

"Mimi naelekea kwenu hata hivyo," dereva alisema bila kumtazama. "Panda."

Akapanda. Njia nzima lile sanduku liligonga nyuma ya kiti chake kila walipopita shimo, naye aliomba jambo moja tu, amkute mama yake hai.

Alimkuta hai. Mama alikuwa ameketi kitandani, amejitanda khanga, simu mapajani. Hakuwa ameanguka wala hakuwa akilia. Chapuchapu alijikuta anacheka kwa furaha.

"Shikamoo, mama!"

Mama hakuitikia. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwaona dereva na majirani wakishusha jeneza, kisha akamrudia binti yake kwa macho makavu, ya upole.

"Umekuja kuniaga?"

"Mama, mimi mzima! Nimehamishwa tu. Walikosea neno!"

"Najua, mwanangu. Umehamishwa." Mama alitikisa kichwa polepole, kama anayembembeleza mtoto akubali kulala. "Sijakasirika. Usiwe na wasiwasi na mimi."

Chapuchapu alipiga magoti, akaushika mkono wa mama na kuukandamiza shavuni, ili mama alisikie joto lake, alisikie na chozi. Mama aliuacha pale kitambo. Kisha akaupandisha taratibu, vidole viwili mbele, akamfumba macho.