Trela Lililoinua Pua na Masala ya Mahfudha

Fawaz, kitinda mimba wangu, ana pikapu ambayo ukitaka kuipanda sharti uvute pumzi kwanza. Kaiinua makusudi, ati fasheni. Magoti yangu hayajui fasheni. Na nyuma anavuta trela la nyumba, lile ambalo shingo yake inalalia ndani ya bodi ya pikapu. Ndilo tunalopakia vyakula vya Idd hapa Rockville, ughaibuni, kupeleka Columbia, kwenye bustani wanapokusanyika watu wetu wa pwani.

Sasa gari likiwa juu, trela nalo pua juu, matako chini. Idd iliyopita sufuria ya masala ya biriani iliteleza mpaka nyuma ikapinduka. Tukafika na wali mtupu. Nadra, ambaye yeye na mke wangu Mahfudha wanagombea upawa tangu tuko Mombasa, akasema mbele za watu, "Pole, shoga. Mwakani pumzika, nitapika mimi."

Pumzika! Mahfudha hakulala siku mbili.

Idd hii ilipokaribia akaniita. "Baba Fawaz, masala yangu yakimwagika tena, Nadra ndiye mpishi mpaka naingia kaburini. Mwambie mwanao ashushe hilo ghorofa lake."

Nikamwambia. Fawaz akashika kichwa. "Siwezi, Dad! Truck ikishuka marafiki watanicheka."

"Na mama yako?"

"Si atumie mfuniko?"

Nikamtoa jikoni haraka, maana Mahfudha alikuwa anakata nyama.

Nikamwendea jirani, Solomon, Mkalenjin, fundi wa magari. Akainama, akachungulia, akacheka. "Mzee, huyu kijana hatashusha gari. Wacha tuinue nyumba."

Akaingia chini ya trela. Ekseli zilikuwa zimekaa juu ya springi, yeye akazihamishia chini yake, trela likapanda. Fawaz akaweka simu sakafuni mwa trela ipime usawa. "Perfect, Dad." Kumbe kaiweka juu ya mkeka uliokunjamana.

Mimi nimejenga nyumba za watu miaka thelathini, wala sikuwa na simu. Tukalipeleka parking ya msikiti, maana pale pako sawa, nikatia maji kwenye mpira wangu wa kupimia usawa, ule unaoonekana ndani. Solomon akashika ncha ya mbele, mimi ya nyuma, tukaangalia maji yanasimama wapi.

"Pua bado iko juu vidole viwili," nikasema.

Solomon akashusha tundu moja kile kishikio cha shingo kwenye bodi ya pikapu. Tukapima tena. Sawasawa! Fawaz akatia simu mfukoni.

Siku ya Idd tukafika Columbia, Solomon tukiwa naye, nikafungua mlango roho mkononi. Masala yametulia, hata tone halikutoka. Lakini trela limepanda, ngazi yake inaning'inia hewani, na Mahfudha ana goti bovu. Tukamsukuma watatu apande kupakua.

"Sukumeni! We Solomon, angalia unaposhika!"

"Pole, Mama, naangalia juu!"

Akaingia. Kutazama chini, akakataa katakata kushuka. Akafungua dirisha, akaanza kupakua kutoka huko huko juu, watu foleni chini na sahani zao, shingo wamezinyoosha.

Zamu ya Nadra ikafika. Kajinyoosha kwa ncha za vidole, sahani kaishika kwa mikono miwili.

"Shoga, nitilie na nyama."

"Inua sahani, shoga," Mahfudha akasema, upawa mkononi. "Inua tena kidogo, sikuoni."