Mchicha wa Jikoni

Mafuriko ya El Nino yalizoa bustani yangu yote hapa Mohoro, na sokoni mboga ikakosekana. Nikapanda mchicha jikoni, karibu na dirisha, ndani ya sufuria zilizotoboka. Ulipochipua tu, mama mkwe naye akakimbia maji kwake, akaja kutandika mkeka humo humo jikoni. Nami alipo mkwe siingii. Nikabaki uani nikimpigia kelele mke wangu:

"Waride, mwambie mama asiumwagie maji mengi, utaoza!"

"Mwambie mumeo nimeanza kulima hajaota meno," mkwe akajibu. "Alete vyombo zaidi!"

Mkwe hakataliwi. Mchicha ukastawi mpaka majirani wakala. Umenigharimu sufuria mbili nzima, ndoo ya kuogea, na birika langu la chai.