Aliyekuwa Chini ya Gogo

Kupasua mbao kwa mkono kunataka watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni chini yake. Nderitu alikuwa wa juu. Alijisifu kwamba mama yake alimzaa akiwa amesimama juu ya gogo tayari, na kwa kuwa alijisifu kwa sauti kubwa, hakuna mtu Dundori aliyejisumbua kumbishia. Wa chini alikuwa Kiptanui, aliyeshika mpini wa pili wa msumeno huku unga wa mti wa mtarakwa ukimnyeshea kichwani. Jioni alitoka shimoni mwekundu kuanzia nywele hadi kucha.

"Tanui, leo umetoka mandazi au mkate?" Nderitu alimwuliza kila siku, kwa miaka sita.

"Cheka tu. Siku utakayoshuka huku utashiba kabla ya chai."

Wapasua mbao walikuwa na desturi yao. Wa juu hubeba msumeno kwenda nao nyumbani. Wa chini, kwa kuwa ndiye anayetoka mwisho, hulifunika shimo kwa mabanzi, zile pande za gogo zenye maganda. Hapakuwa na karatasi iliyoandikwa hivyo, lakini kutoka Dundori hadi Molo kila mpasuaji aliijua desturi hiyo kama anavyolijua jina la baba yake.

Sasa siku moja ya Machi, mwaka wa hamsini na tisa, unga ulimwingia Kiptanui jichoni likavimba kama yai. Nderitu akamcheka, akamwonea huruma, akashuka shimoni mwenyewe. Wakapasua hivyo mchana wote, wamebadilishana. Saa kumi na moja Kiptanui akaenda mtoni kuosha jicho. Nderitu akapanda kutoka shimoni, akajikung'uta, akauweka msumeno begani, akaenda zake akipiga mluzi. Mabanzi hayakumpita hata akilini. Tangu azaliwe hakuwahi kufunika shimo. Mikono yake ilijua msumeno tu.

Alfajiri yake Wamuyu, mjane waliyemwita Mama Ngigi, alikuja na mkebe wa maziwa mgongoni kwa njia aliyoizoea, iliyopita penye shimo. Walimtoa shimoni amevunjika paja. Mfupa ukaunga, lakini ukaunga upande. Kazi ya kubeba maziwa, iliyowalisha yeye na watoto wanne, ikaishia pale. Akawashtaki wote wawili katika mahakama ya Waafrika ya Nakuru.

Wiki mbili kabla ya kesi, Nderitu akasikia Kiptanui amempelekea mama yule mtamba wa ng'ombe mwenye mimba, na karatasi ya mapatano imeshatiwa kidole kwa karani wa chifu. Akamfuata mbio.

"Umenitoroka, Tanui! Tulishtakiwa wawili, sasa unaniacha peke yangu kama kuku wa sokoni?"

"Nimelipa fungu langu. Karatasi inasema fungu la Kiptanui, basi."

"Fungu gani? Wewe hukuwa—" Nderitu akajishika ulimi.

"Nilipotoka mtoni nilipita palepale, nikaliona shimo liko wazi," Kiptanui akasema. "Jicho lilikuwa linawaka. Nikajiambia, Nderitu atarudi. Hilo ndilo fungu langu. Mfupa wa mama haungoji hakimu."

"Na mimi je? Utasema nini huko?"

"Nikiitwa nitasema nilichokiona. Nisipoitwa, wewe una mdomo. Tena mkubwa."

Hakuitwa. Aliyekwisha kupatana aliondolewa katika kesi.

Nderitu aliomba pasi, maana mambo ya hali ya hatari yalikuwa hayajaisha, akateremka Nakuru na shilingi mia na hamsini ndani ya soksi. Hakuwa na nyingine. Zaidi ya hizo alikuwa na ng'ombe mmoja, na ule msumeno.

Hakimu alikuwa mzee mkavu, na wazee wawili wa baraza wamekaa kando yake. Mama Ngigi alikalishwa kwenye benchi, mguu umenyooka mbele kama wa kuazima.

"Madhara ya mama huyu tumeyapima," hakimu akasema. "Ni shilingi mia sita. Walioyaleta ni wawili, na mmoja amemalizana naye. Sasa nisikilizeni vizuri. Yule aliyepatana, awe alitoa kidogo au kingi, hayo ni yake na mama. Mimi nitakata lawama mafungu mawili, na la yule nitaliondoa. Nderitu atalipa la kwake, wala halipi la mwenzake."

Mzee mmoja wa baraza akaegemea mbele. "Wapasuaji wana desturi. Wa chini ndiye hufunika. Basi wa chini abebe robo tatu, na wa juu robo, maana naye alikuwa na macho."

Nderitu hesabu ilimfikia upesi kuliko ilivyowahi kumfikia shuleni. Wa juu, mia na hamsini. Zimo soksini. Wa chini, mia nne na hamsini. Soksi, ng'ombe na msumeno vyote vinakwenda.

Mama Ngigi naye alikuwa amepiga hesabu. "Mzee, niulize. Ikiwa wa chini ni Kiptanui, basi mtamba mmoja amemeza shilingi mia nne na hamsini zangu?"

"Ulitia kidole, mama."

"Nilitia. Watoto walikuwa na njaa."

"Nderitu," hakimu akasema. "Nani alikuwa chini?"

"Wa chini ni Kiptanui, mzee. Dundori yote inajua."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Walijua kweli.

"Sikuuliza Dundori inajua nini. Nauliza siku ile."

Nderitu akautazama ule mguu. Akawaza: Tanui amekwisha kumaliza, hadaiwi tena hata sumni. Nikisema ni yeye, nimemwumiza nani? Jibu lilikuwa limekaa mbele yake kwenye benchi, likimtazama.

"Siku ile pia," akasema. Mara ya kwanza katika maisha yake akaambiwa apaze sauti. "Siku ile pia, mzee."

Alilipa papo hapo, noti zikiwa na joto la mguu wake. Nje Mama Ngigi alimpita polepole na fimbo yake.

"Asante kwa kulipa bila kunisumbua, baba," akamwambia. "Yule mwenzako nilimbariki alipoleta mtamba. Nilidhani ni huruma. Kumbe alikuwa ananiwahi, mjanja yule."

 

Kesho yake alifika shimoni na msumeno begani. Kiptanui alikuwa amekaa juu ya gogo, mahali pa Nderitu.

"Nimesikia nilikuwa chini," Kiptanui akasema.

"Tanui, sikiliza. Hukupoteza kitu."

"Sikupoteza. Mama Ngigi jana alipita kwangu, hakuitikia salamu. Lakini sikupoteza."

"Ningesema kweli msumeno ungeuzwa! Nimeuokoa kwa ajili yetu wawili!"

Kiptanui akashuka kwenye gogo, akajipangusa suruali ingawa haikuwa na unga.

"Basi umeokoka," akasema. "Tafuta mtu wa chini."

"Nani atashuka, wewe ukikataa? Wataniuliza kwa nini."

"Waambie. Si una mdomo?"

Akaondoka bila kugeuka. Nderitu akasimama juu ya gogo, akautia msumeno kwenye alama ya juzi, akasukuma. Meno yakauma mti, bapa la msumeno likapinda, likagoma. Kule chini mpini wa pili ulitikisika bila mkono. Akajaribu tena, kisha tena, mpaka kijasho kikamtoka, na unga ulioanguka shimoni haukutosha kujaza kisoda cha chupa.

Saa nne asubuhi akaacha. Akaanza kuburura mabanzi. Hakujua yanapangwaje: maganda juu au maganda chini, la kwanza likae upande upi. Mawili yalimwangukia shimoni, akashuka kuyatoa, akapanda, akaanza upya. Jua lilikuwa utosini alipolifunika lote.

Kisha akabeba msumeno. Njia ya kwake ilipita mlangoni kwa Mama Ngigi. Akasimama penye njia panda kwa muda, akamwona kwa mbali ameketi nje, akimenya viazi, mguu umenyooka. Nderitu akashika njia ya juu, ile inayozunguka msitu penye majani ya viwavi yanayowasha, ndefu mara mbili, na kila hatua ule mpini wa pili ukimgonga mgongoni.