Mgongo wa Mwalimu

Kwa wiki tatu nzima, watoto thelathini na mmoja walifundishwa hesabu na mgongo wangu. Sikujua. Nilisimama mbele ya ubao kama nilivyosimama miaka ishirini na minne, chaki mkononi, nikiandika ule mwandiko uliosifiwa na wakaguzi. Nyuma yangu simu ya shule, niliyoiegemeza kwenye kopo la chaki, iliwapelekea watoto walioko nyumbani picha ya blauzi yangu ya kijani na mshono wake uliofumuka begani.

Upepo ndio uliotufikisha huko. Uling'oa paa la madarasa mawili, na mkuu wa shule akaamua kidato cha tatu kigawanywe: wanaokaa karibu waje darasani, wanaokaa mbali wasome nyumbani kwa simu na kompyuta, saa ileile, somo lilelile. Nilipokea agizo hilo kama mtu aliyeongezewa sahani za kuosha. Niliwasha simu, nikaiegemeza, nikageukia ubao wangu.

Jaribio la kwanza lilituumbua. Wa darasani walipata wastani wa hamsini na nane. Wa nyumbani, kumi na tisa. Mkuu alituita ofisini, mimi na mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa msimamizi wa kundi la nyumbani.

"Mtihani wa mwisho wa muhula watakuja kuufanyia hapa," alisema. "Wastani wao wa hesabu usipofika arobaini, wanarudia mwaka. Wote."

"Wavivu hao," nilisema. "Wanalala na simu masikioni."

Mwalimu wa Kiswahili tulimwita Nukta, kwa sababu hakuna tangazo lililobandikwa pale shuleni likanusurika kalamu yake nyekundu. Meza zetu zilitazamana miaka tisa, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kuingia kwenye kipindi cha mwenzake. Ndivyo tulivyoishi walimu wote pale. Darasa la mtu lilikuwa kama chumba chake cha kulala, hata hodi hupigi.

Kesho yake Nukta alijifungia stoo na simu yake, akaingia kwenye kipindi changu kama mwanafunzi wa nyumbani. Kilipokwisha, na wa darasani wametoka, alinijia na daftari. Ukurasa ulikuwa mtupu isipokuwa mstari mmoja: Mshono wa bega la kushoto umefumuka inchi mbili.

"Ndicho nilichojifunza kwa dakika arobaini, dada," alisema. "Na nilisikiliza kwa bidii yote. Tatizo unasema 'hii ukitoa kwenye ile', na hii na ile zote umezikinga."

"Mbona wao hawakuniambia?"

"Waulize. Simu hujaizima."

Nikainama mbele ya simu, nikawauliza. Kisha ikasikika cherehani. Nilijua ni binti wa fundi wa nguo, maana kila akifungua sauti yake, mashine ya mama yake ndiyo iliyotangulia kusalimia.

"Tuliona si adabu kukuambia ugeuke, mwalimu," alisema taratibu.

Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ilinikalisha chini. Niliwaita wavivu watoto waliokaa wiki tatu wakiutazama mgongo wangu kwa heshima.

Siku mbili sikusema na Nukta. Ya tatu nilisimama mbele ya meza yake. "Kaka, njoo darasani kwangu." Maneno manne, na yalinichukua miaka tisa.

Seremala wa shule alitutobolea kigoda katikati. Tulikiweka juu ya meza yangu karibu na dirisha, tukailaza simu juu yake, jicho lake likachungulia karatasi kupitia lile tundu. Niliuaga ubao. Niliandika karatasini, wa nyumbani wakaiona kila namba mkono wangu ulipoiandika, na wa darasani wakaiona ukutani kwa projekta. Nukta alikaa dawati la nyuma na simu yake, akihesabiwa miongoni mwa wa nyumbani. Yeye na hesabu walikuwa wameachana tangu kidato cha pili, wala hawakurudiana, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

"Mwalimu, hiyo tano imetoka wapi?" aliuliza. Darasa likacheka. Akauliza tena. "Hapo umeruka, rudi nyuma."

Haikupita wiki mbili, wa nyumbani wakaanza kumwahi kuuliza. Cherehani ikanguruma, na binti wa fundi akasema bila woga, "Hapo umeruka, mwalimu." Sijawahi kufurahia kukosolewa kama siku ile.

Nami nililipa fadhila. Kila Alhamisi niliingia kwenye kipindi cha Nukta kama mwanafunzi wa nyumbani, nikaandika insha pamoja na watoto. Alinipa kumi na moja kwa ishirini. Nilikata rufaa, sikusikilizwa. Kabla ya muhula kwisha mwalimu wa kemia alikuja kutuazima kigoda, na seremala akatoboa vingine vitatu.

Matokeo yalipokuja, mkuu aliisoma karatasi mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaisoma karatasi tena. Wa darasani, hamsini na tisa. Wa nyumbani, sitini na moja. Hakuna aliyerudia mwaka. Nukta alipiga meza hadi chai ya mkuu ikamwagika, na mimi nikalia pale pale ofisini, wala sioni haya kusema.

Siku ya kufunga shule wa nyumbani walikuja kuchukua ripoti zao. Nilikuwa ubaoni nikiandika majina yao, thelathini na mmoja, kwa ule mwandiko wangu wa wakaguzi. Nimevaa blauzi ileile. Kila jioni niliapa kuishona, na kila jioni madaftari yalinishinda.

"Shikamoo, mwalimu," binti wa fundi alisema mlangoni.

"Marahaba." Nikaanza kugeuka.

"Samahani, usigeuke."

Nilisikia mkoba ukifunguliwa, kisha vidole vyepesi begani. Nilisimama na chaki yangu hadi alipokata uzi kwa meno. Nilipojitazama baadaye kwenye kioo, uzi ulikuwa wa kijani kilekile, haukutofautiana na blauzi hata kidogo. Alikuwa amepata wiki tatu za kuisoma ile rangi.